Je, Wajua? Kuba, Nauli na Timu Inayohama Mtaa

Je, wajua kwamba shabiki wa Gor Mahia anayeishi Migwani, Kitui, hana haja ya kufika katikati ya Nairobi ili aione timu yake, mradi mechi iwe Kasarani? Gari la Mwingi hushika barabara ya Garissa, likapita Matuu, likapita Thika, na kabla jiji halijaanza kubanana, uwanja uko njiani. Unamwambia makanga, "Nishukishe Kasarani," basi. Mwenzake wa Makueni, akitoka Wote, Sultan Hamud au Kibwezi, huja na barabara ya Mombasa, nayo humfikisha karibu na lango la Nyayo. Wakamba wawili, viwanja viwili, na kila mmoja amepanda gari la masafa moja tu.

Ndiyo maana ubishi wa timu kuhamia uwanja mpya, ambao mtu wa Kilimani huufuata kama habari za majengo, hapa Migwani huanza na swali la nauli.

Je, wajua uwanja mpya wa Talanta uko wapi? Uko Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2024, mjenzi akiwa kampuni ya China Road and Bridge, na mpango ni viti 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Kwa mtu wa Migwani hesabu ni hii: Kasarani ataipita akiiona dirishani, aingie mjini, avuke mji kwa miguu, kisha atafute gari la pili la kumpandisha barabara ya Ngong. Mechi ikiisha usiku, safari yote hiyo anaianza upya kinyumenyume. Mtu wa Makueni naye anaipita Nyayo yake vivyo hivyo.

Na si uwanja wa kuba. Paa la Talanta limebuniwa kufunika viti, wachezaji wabaki chini ya anga. Kenya haina uwanja hata mmoja wa soka uliofunikwa juu mzima, kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba Gor wanahamia "kwenye nyumba" amechanganya picha za simu.

Je, wajua aliye karibu nasi mwenye ukumbi mkubwa wa michezo uliofunikwa kabisa? Rwanda. BK Arena ya Kigali, yenye nafasi ya watu 10,000 hivi, ilifunguliwa Agosti 2019 baada ya miezi michache tu ya ujenzi. Lakini hiyo ni ya mpira wa vikapu na michezo kama huo. Ukiupiga mpira wa kona mle utavunja taa.

Wanaobishana hasa kuhusu makuba ni Wamarekani, kwa ule mpira wao wa kukimbia nao mkononi. Cleveland Browns wanataka kuacha uwanja wao wa katikati ya jiji, kando ya Ziwa Erie, wahamie Brook Park, mji mdogo wa pembeni karibu na uwanja wa ndege, kwenye mradi wa kuba uliotajwa kuwa wa dola bilioni 2.4. Chicago Bears nao Februari 2023 walilipa dola milioni 197.2 kununua kiwanja cha zamani cha mbio za farasi huko Arlington Heights, nje ya Chicago, na tangu hapo watu wa huko hawajapumzika kwa mabishano.

Je, wajua kwamba Bears hawamiliki Soldier Field, uwanja ambao wameuchezea tangu 1971? Ni wapangaji. Kama vile Gor Mahia na AFC Leopards walivyo wapangaji kila wanakokwenda, klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini na hakuna iliyo na uwanja wake wa mechi. Tofauti ni kwamba mpangaji wa Chicago akigombana na mwenye nyumba ana pesa za kununua shamba. Wetu akigombana na mwenye nyumba huenda Machakos.

Na kweli walikwenda. Kenyatta Stadium ya Machakos, ilipofanyiwa ukarabati enzi za gavana Alfred Mutua, ikawa kimbilio la klabu za Nairobi kila Nyayo au Kasarani ilipofungwa. Sofapaka walikaa pale mpaka watu wakaanza kuwaona kama timu ya Machakos. Mechi za Kombe la CECAFA la 2013 zilichezwa pale pia, na fainali ikapigwa Nyayo tarehe 12 Desemba, siku Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Allan Wanga akaifunga Sudan mabao mawili na kombe likabaki nyumbani.

Je, wajua timu ya Kenya iliyohama mbali kuliko zote? Si klabu. Ni Harambee Stars. Juni 2024 viwanja vyetu vikiwa havina kibali cha mechi za kimataifa, Kenya "ilikaribisha" Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi, katika Uwanja wa Bingu. Sare ya 1-1, kisha sare ya 0-0. Septemba mwaka huo ikaikaribisha Zimbabwe jijini Kampala, 0-0 tena. Watu wa Brook Park na Cleveland wanagombania umbali wa gari la nusu saa. Sisi tumekuwa wenyeji katika nchi ya watu, pasipoti mkononi, na bado makanga wa Migwani akabisha kwamba tulikosa bao kwa sababu ya kocha.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe, kwa sababu yote yanayobishaniwa leo yaliwahi kutendeka mahali fulani mpaka mwisho wake.

Je, wajua kilichowapata Detroit Lions? Mwaka 1975 waliacha Tiger Stadium, uwanja wa mjini Detroit, wakahamia Pontiac, mji wa pembeni, kwenye uwanja mpya ulioitwa Silverdome. Viti takriban 80,000. Gharama dola milioni 55.7. Paa lake lilikuwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa teflon, na hakikusimamishwa na nguzo. Kilisimamishwa na hewa. Mashine zilipuliza hewa ndani ya jengo usiku na mchana, na watu waliingia kwa milango ya kuzunguka ili hewa isitoroke. Mashine zikizidiwa, paa linashuka. Machi 1985 theluji ililemea lile paa likaanguka, likachanika, ikabidi lishonwe jipya.

Hata hivyo Silverdome ilipata siku zake. Tarehe 18 Juni 1994 Marekani na Uswisi zilicheza hapo, 1-1, nayo ikawa mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa chini ya paa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walikuza nyasi za asili nje, kwenye masinia makubwa ya pembe sita, kisha wakayaingiza ndani na kuyaunganisha moja moja mpaka uwanja ukakamilika. Ukitazama picha za mechi ile huoni kiungo hata kimoja.

Mwaka 2002 Lions wakarudi mjini Detroit, kwenye uwanja mwingine wenye paa, Ford Field. Silverdome ikabaki Pontiac bila mpangaji, na mji wa Pontiac ukabaki na bili. Novemba 2009 ukauzwa kwa mnada. Dola 583,000. Soma tena kwa utulivu: uwanja uliogharimu zaidi ya milioni 55 uliuzwa kwa bei ambayo Nairobi hununulia nyumba moja ya kifahari. Miaka ikapita, paa likararuka, mvua ikanyesha ndani. Desemba 3, 2017 wakaja na baruti kuubomoa, watu wakajipanga kutazama, milio ikasikika, moshi ukapanda, na uwanja ukabaki umesimama vilevile. Baadhi ya baruti hazikulipuka kwa hitilafu ya nyaya. Ukaanguka kesho yake.

Nimekawia kwenye Silverdome kwa makusudi. Katika mabishano yote ya viwanja hakuna anayeuliza mji wa pembeni utafanya nini timu ikichoka na kuondoka, na Pontiac ni jibu tosha.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba nyasi bandia zilipata umaarufu kwa sababu ya kosa la paa? Astrodome ya Houston ilifunguliwa 1965, wakati huo ikisifiwa kuwa ajabu ya nane ya dunia, sababu moja ikiwa joto na mbu wa Texas. Paa lilikuwa na vioo vya plastiki vya kupitisha jua ili nyasi ziishi. Mng'ao ukawapofusha wachezaji wa besiboli, wakashindwa kuuona mpira angani. Vioo vikapakwa rangi. Nyasi zikafa. Mwaka 1966 zikatandikwa nyasi za plastiki, nazo hadi leo huitwa AstroTurf.

Je, wajua paa jingine la hewa, la Metrodome ya Minneapolis, lilipasuka kwa theluji Desemba 12, 2010, na kamera za ndani zikanasa theluji yote ikimwagika uwanjani?

Je, wajua kwamba kuba ya Uwanja wa Taifa wa Singapore, iliyofunguliwa 2014, ina upana wa mita 310 bila nguzo katikati? Weka viwanja viwili vya mpira vipangane kwa urefu, hujaujaza.

Je, wajua kwamba FIFA haikubali fainali zake za wanaume zichezwe kwenye plastiki, kwa hiyo viwanja vya kuba vya Atlanta, Dallas na Houston vilivyopangiwa Kombe la Dunia la 2026 vililazimika kutandikiwa nyasi za asili badala ya zile bandia?

Na Waingereza tunaowashangilia kila Jumamosi kwenye kumbi za video? Arsenal walihama Highbury 2006 kwenda uwanja wa watu 60,000, lakini kutoka wa zamani hadi mpya ni mwendo wa miguu tu, duka la chipsi ni lilelile. Wimbledon walipohamishiwa Milton Keynes 2003, mashabiki walishaunda klabu yao wenyewe mwaka mmoja kabla, na 2020 klabu hiyo ikarudi mtaa wa Plough Lane. Huko Italia, Juventus walipewa Delle Alpi, uwanja mkubwa wa nje ya Turin uliojengewa Kombe la Dunia la 1990, wenye njia ya riadha iliyowaweka mashabiki mbali na mpira. Hawakuupenda kamwe. Waliubomoa, na 2011 wakafungua mdogo zaidi, wa watu 41,000 hivi, palepale.

Dar es Salaam ina mfano wake. Azam FC wana uwanja wao wenyewe Chamazi, mbele ya Mbagala, jambo ambalo Simba na Yanga hawajalipata mpaka leo. Lakini Simba na Yanga ndio hujaza Uwanja wa Mkapa, mali ya serikali, na Azam hutazama.

Je, wajua uwanja wa Nairobi unaokumbukwa zaidi kwa nyama? Ni City Stadium, barabara ya Jogoo, ambao tangu 2019 una jina la Joe Kadenge, yule wa "Kadenge na mpira". Hauna kuba, na majukwaa yake mengi hayana hata kivuli. Lakini soko la Burma liko jirani, moshi wa nyama choma ukivuka barabara, na mtu wa Kaloleni au Shauri Moyo alikwenda mechi kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wazee wa AFC Leopards wakisema "nyumbani" hawamaanishi Kasarani, hata kama Kasarani ndiko Gor walikobebea Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa dhidi ya Espérance, kwa faida ya mabao ya ugenini. Na Gor wenyewe nao ukiwauliza watakuambia Kasarani ni ya makombe, City Stadium ndiyo ya watu.

Wanaotaka paa Kasarani wajiulize pia ni nini hasa kilichoisumbua. Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN, mashabiki wasio na tiketi walilazimisha kuingia mpaka CAF ikaamuru watu wasizidi 27,000 uwanjani Kenya ilipocheza na Zambia. Kenya ilishinda 1-0 mbele ya viti vitupu. Mvua haikuhusika. Milango ndiyo iliyohusika.

Tufike kwenye pesa, ambako wabishi wa Migwani huamka vitini.

Je, wajua Ohio ilipata wapi dola milioni 600 za kuwasaidia Browns? Bajeti ya jimbo ya 2025 ilizitoa kwenye fungu la fedha zisizodaiwa: akaunti za benki zilizosahauliwa, hundi zisizochukuliwa, amana za watu waliofariki bila kuwaambia watoto. Kenya pia ina mamlaka inayokusanya fedha za aina hiyo, kwa sheria ya 2011, na kama babu yako alikuwa na hisa au akaunti ya posta unaweza kuuliza kama jina lake limo. Uliza mapema, kabla ya mtu kupata wazo la Ohio.

Na Talanta? Pesa zake zilikopwa kwa dhamana za miaka 15, shilingi bilioni 44.79, zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Mkopo umewekewa mapato ya Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na hazina hiyo hujazwa kwa kodi za kamari na bahati nasibu. Kwa lugha ya steji: kijana wa Migwani anayeweka mkeka wa timu nane Jumamosi, moja ikamchania, ameshachangia uwanja. Amechangia hata kama hataweza nauli ya kwenda kuuona. Sioni mtu mwenye haki zaidi ya kuulizwa mechi zichezwe wapi.

Je, wajua Ukambani imewahi kupewa sherehe gani za kitaifa? Mashujaa ya 2016 ilifanyika Kenyatta Stadium, Machakos. Mashujaa ya Oktoba 20, 2025 ikaja Kitui, uwanja wa Ithookwe, nje kidogo ya mji, siku moja baada ya maziko ya Raila Odinga huko Bondo. Ithookwe ilijengwa upya kwa ajili ya siku hiyo. Gwaride likapita, ndege zikapita, wageni wakaondoka. Sasa ni kazi ya kaunti kuhakikisha nyasi zile zinakanyagwa na viatu vya mpira, si mbuzi.

Hoja yangu iko hapa. Kuna barabara ya Kibwezi, Mutomo, Kitui, Kabati, Migwani hadi Mbondoni, kilomita 192 za lami zilizojengwa na kampuni ya Sinohydro. Inaanzia Makueni kwenye barabara ya Mombasa na kuishia kwenye barabara ya Garissa karibu na Mwingi, na Kitui iko katikati yake. Zamani mtu wa Kibwezi na mtu wa Migwani njia yao nyepesi ya kukutana ilikuwa Nairobi. Leo wanaweza kukutana Kitui saa nane mchana na kila mmoja akalala kwake. Klabu ya Ligi Kuu inayofungiwa viwanja vya Nairobi kila ukarabati ukitangazwa ingeleta mechi mbili tatu kwa msimu Ithookwe, na ingeshangaa.

Swali la kuba lenyewe, hata hivyo, halijafa. Mzee mmoja pale kwenye mabenchi ya steji alisikiliza habari za Cleveland na Houston mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hilo paa, mvua ikinyesha, maji huenda wapi?"

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Kitui ni nchi ya mabwawa ya mchanga na ya kuvuna maji kwenye miamba, na mtu wa huku akiona paa huona mfereji wa maji kabla ya kuona kitu kingine. Je, wajua kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili? Uwanja wa kawaida wa mpira ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Mvua moja nzuri ya Novemba, milimita 20, ikinyesha juu ya paa la kufunika uwanja huo tu, bila kuhesabu viti, inatoa lita 142,800. Ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa kila mita ya mraba, mitungi 7,140. Ni matangi 14 ya lita 10,000, yale meusi makubwa, na maji yakabaki.

"Kijana," mzee akamwambia aliyecheka kuliko wote, "hiyo timu yenu ikishindwa kulipa kodi, waambie watuachie paa."